Kijana wangu kagoma kuchinja kuku, lakini chipsi kuku anakula

Mama wa Konde

Assalamu alaykum. Naomba rai zenu, tena kwa adabu, maana najua humu mna watu midomo yao haina breki.

Mie niko Konde, Pemba. Baba watoto yuko dago, kambi ya wavuvi, upande wa Tanga, akirudi anakaa siku chache, mara kashaondoka. Nyumbani mwanamme ni mwanangu wa kidato cha pili. Kuku ninao, wa kienyeji. Usiku wanalala bandani nyuma ya jiko kwa ajili ya ngawa, mchana wanajitafutia wenyewe chini ya mikarafuu na jaani. Si wengi. Mdondo ulipita ukaniachia koo watatu na jogoo mmoja, na hao ndio waliozaana upya. Kwa hiyo kuku kwangu si chakula cha kila siku. Kitoweo chetu ni samaki, dagaa, mbaazi, kisamvu. Kuku anachinjwa akija mgeni wa heshima, mtu akitoka hospitali, au siku ya vunjajungu, kuamkia Ramadhani.

Mchinjaji ni kijana tangu yuko skuli ya msingi. Baba yake alimfundisha, na mkono wake ni mwepesi, sijapata kumuona akimtesa kuku.

Sasa wiki iliyopita kaja mavyaa, mama mkwe wangu, kutoka Mtambwe. Nikamkamata kijogoo kimoja, nikampa mtoto kisu. Kakiangalia, kakirudisha juu ya meza. "Mama, mie sichinji tena." Nikadhani uvivu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mara ya mwisho alipomkanyaga kuku mbawa aliusikia moyo wake unapiga chini ya unyayo, halafu akausikia unavyopungua mpaka ukanyamaza. Tangu siku ile, anasema, hata akikanyaga embe lililooza anausikia.

Sikuwa na la kumjibu. Na mavyaa yuko barazani, masikio yote kwetu.

Ikabidi nifanye wanavyofanya wanawake wa huku wasio na mwanamme nyumbani. Nikatoka njiani, kuku mkono huu, kisu mkono huu, nasubiri mwanamme apite. Aliyewahi kusimama hivyo anaijua aibu yake. Wa kwanza alikuwa na kanzu nyeupe anawahi msikitini, akaniomba radhi. Wa pili mtoto mdogo, nikamwacha apite na gurudumu lake. Wa tatu kijana wa bodaboda. Huyo kachinja, na kachinja vizuri, lakini injini hakuizima.

Mchuzi ule mtoto hakuugusa. Kala wali na kachumbari, mavyaa akaniangalia kama mie ndiye niliyemlisha sumu. Sawa. Ningenyamaza. Lakini juzi nimepita kituoni nimemkuta na wenzake anakula chipsi kuku, kashika paja zima. Nikamwita pembeni nikamuuliza, huyu hakuwa na moyo? Akanijibu, "Huyu sikumuona."

Neno hilo limenikaa. Kijogoo changu kimezaliwa chini ya koo wake, kimepigana na nduguze, kimelala juu ya kijiti chake, kimekula mchwa na makombo ya mkate wangu. Huyo wa kituoni katoka kwenye katoni, kasafiri baharini akiwa jiwe la barafu, na anayejua alikoishi ni Mungu. Anayeonewa huruma ni wangu, anayeliwa ni yule. Mie naona huruma ya mtoto ni kweli, haigizi, lakini imeangukia kuku asiye wake.

Basi nauliza. Mwanamke kuchinja kuku inafaa? Hapa kijijini ukichinja watu hawali, wanasema kibudu, yaani mzoga. Pia baba yake kaacha beberu wa Idi kubwa na kasema mtoto ndiye atakayechinja. Nimlazimishe? Na jengine si la fikihi, nataka tu kusikia watu wanaonaje: kula kitu ambacho huwezi kukichinja wala kukitazama kikichinjwa.

Jogoo la Gando

Huyo kadekezwa, bi mkubwa. Mpeleke dago kwa baba yake mwezi mmoja, akiona papa anavyopigwa rungu atasahau moyo wa kuku. Mwanamme wa Kipemba asiyechinja, akioa mkewe naye asimame njiani? Leo kuku, kesho atasema na samaki ana roho, mwisho atakula majani pamoja na huyo beberu. Au mtampikia kasa?

Shungi la Mjini

Kaka wa Gando, mengine yote sema, kasa usimtie kwenye mzaha. Kisiwa Panza Machi 2024 walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja kwa nyama ya kasa, na wengine sabini na zaidi wakalazwa. Sumu ile haiondoki hata uchemshe kutwa. Wengine tuna jamaa huko.

Dada wa Konde, mie niko Unguja, na nyama sili. Kuku sili, ng'ombe sili, mbuzi sili. Nilikuwa nafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya pwani, na wageni wakija wengi wanasema hawali kitu chenye uhai. Mpishi mkuu akahangaika kutafuta mapishi kwenye simu. Nikamwambia mbona bibi yangu Makunduchi anapika hayo bila kujua kuwa ni mtindo: mbaazi za nazi, kisamvu, maharage, ndizi mbichi, boga la nazi, muhogo. Siku ya samaki ndiyo ilikuwa siku ya samaki. Nyama ilikuwa ya shughuli. Tukawapikia, wakapiga picha.

Kwangu mie alianza pweza. Bibi alikuwa anakwenda kuchokoa pweza kwenye mwamba bamvua likitoka, nami nyuma nimebeba kikapu. Baadae shuleni kwa mwalimu wa baiolojia nikajifunza kuwa pweza ana mioyo mitatu, na kwamba sehemu kubwa ya neva zake zimo kwenye mikono, si kichwani. Jike akitaga hali tena. Anakaa kwenye tundu anayalinda mayai na kuyapepea maji mpaka yaanguliwe, halafu anakufa. Nikawakumbuka wale tuliowatoa kwenye matundu, hawakukimbia hata kidogo. Nikaacha pweza, na nyingine zikafuata zenyewe. Uingereza mwaka 2022 sheria yao imemuingiza pweza katika wanyama wanaohesabiwa kuwa wana hisia. Bibi nilipomsimulia akasema, "Sasa ndio wanajua?" Na akaendelea kuchokoa, maana pweza ndiye aliyenisomesha mie.

Tabu kubwa si kuacha kula. Tabu ni sinia. Arusi ya kwetu unaijua, mnakaa watu watano mmezunguka pilau moja, nyama katikati. Mie nakula ukingo wangu. Bi kizee aliye mbele yangu anaona mtoto wa watu hapati nyama, anaichambua kwa vidole vyake, ananisukumia upande wangu. Ile ni mapenzi. Ukiirudisha umemtukana. Kwa hiyo naifunika kwa wali, mtoto aliye pembeni anajua, anaichukua. Na pilau lenyewe limepikwa kwa supu ya ng'ombe, mie najua, bi kizee anajua. Kwa hiyo mtu asiniite walii.

Lakini mwanao namuelewa kwa yote mawili. Kuona kuna uzito. Kutokuona nako kuna uzito, ndio maana wenye viwanda hawajengi kuta za vioo.

Ustadhi wa Vitongoji

Wa alaykumu ssalam warahmatullah. Ukhti, nianze na lililo rahisi. Mwanamke kuchinja inafaa, na kichinjwa chake ni halali, hapana shaka yoyote. Imo katika Bukhari: kijakazi wa Kaab bin Malik alikuwa akichunga kondoo, akaona mmoja anataka kufa, akavunja jiwe akamchinja kwa ukali wake. Mtume (S.A.W.) akaulizwa, akaamrisha aliwe. Hapa tuna mwanamke, tuna jiwe, na hapakuwa na bodaboda. Hilo la kibudu ni mazoea ya watu, dini haimo. Hata mtoto akiwa na akili ya kupambanua, kichinjwa chake kinafaa.

Lazima vikatike viwili: koromeo, yaani njia ya pumzi, na umio, njia ya chakula. Mishipa miwili ya pembeni kuikata ni sunna, na ndiyo inayomwahisha. Elekea kibla, taja jina la Mwenyezi Mungu. Usikate kichwa kikadondoka, na usimtie maji ya moto wala kumnyonyoa mpaka roho itoke.

Kuhusu kijana. Kutokula si dhambi. Kuharamisha ndiko kunakokatazwa, na aya iko wazi katika Suratul Maida. Mtume mwenyewe aliletewa nyama ya dhabbu, yule mjusi wa jangwani, akarudisha mkono. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu, akasema hapana, lakini hayumo katika nchi ya watu wangu, nafsi yangu haimtaki. Khalid akamvuta akamla, na Mtume anatazama. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Na kisa cha kuku hasa pia kipo: Abu Musa alikuwa anakula kuku, mtu mmoja akakaa mbali hataki kula kwa kuwa aliwahi kumuona kuku akila uchafu. Abu Musa akamwambia sogea, mie nimemuona Mtume akila. Akamkaribisha, hakumpiga. Wewe pia mkaribishe, halafu mwache.

Na ile huruma msiiite ulegevu. Ibn Umar aliwapita vijana wamemfunga kuku wanamlenga kwa mishale, wakatawanyika walipomuona, akasema Mtume kamlaani anayefanya hivyo. Na tumeamrishwa tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Aliyetoa amri hiyo alijua kuwa chini ya unyayo mna moyo.

Beberu: mwenye udhiya, yaani mnyama wa kuchinjwa Idi kubwa, anaweza kumuwakilisha mtu mwengine achinje. Baba yuko dago, kijana hataki, mpeni mchinjaji. Ila nina maswali mawili. Beberu katimiza miaka miwili? Kwa madhehebu yetu mbuzi wa udhiya ni miwili. Na je, baba alisema maneno gani alipomuacha? Kama ameweka nadhiri, au kasema "huyu ni udhiya wangu", mambo yanabadilika.

Mama wa Konde

Ahsante ustadhi, Mungu akulipe. Hilo la jiwe nimemsomea mavyaa kwa simu. Akasema, "Basi chinja, lakini mie usinipikie." Tuendelee hivyo hivyo.

Jogoo la Gando, mtoto wangu hakudekezwa. Anapasua kuni, anateka maji, msimu wa karafuu anapanda mkarafuu ambao wewe hupandi. Maneno ya baba yake nitamuuliza akipata mtandao.

Shungi, nimecheka hapo kwa bi kizee. Mie ndiye bi kizee huyo.

Bucha Wete

Nimesoma yote nikiwa nimekaa kwenye kibao changu, nyama imekwisha, nasubiri magharibi. Nachinja ng'ombe tangu ujana wangu. Bi mkubwa, ulilouliza mwisho ndilo linalonihusu, kwa sababu mie ndiye ninayefanya kazi ambayo wengine hawataki kuiona. Mtaa mzima wanakula kwa mkono wangu. Alfajiri nikiwa na damu wananipita mbali, saa nne wananiita "babu, nikatie sehemu nzuri".

Nawaambia kitu kuhusu kuona na kutokuona. Kijiji kimoja cha Micheweni walikuwa na ng'ombe wa mchezo, maarufu, watu wakitoka mbali kuja kumtazama akifukuza vijana uwanjani. Wageni wanatuuliza mbona mwisho wa mchezo hatumuui kama wanavyofanya Wahispania. Tumuue kwa nini, ni mwenzetu wa mchezo! Anafungwa kamba anarudi kwao anakula majani. Basi mwenyewe alipatwa na shida akamuuza, na mkono wa mwisho kununua ulikuwa wangu. Nikamchinja kama wengine. Siku ile watu wa kijiji kile hawakuja kwangu. Walinunua nyama bucha jengine, nyama ya ng'ombe kutoka bara wasiyemjua jina. Sikuwalaumu, na wala sikuwaelewa. Ng'ombe ni ng'ombe. Huyo wao alikuwa na afya, alikufa bila kujua, kisu kikali, mara moja. Yule waliyemla alipakiwa jahazini Tanga, kashuka Wete miguu imekufa ganzi, kiu imemkausha ulimi.

Na msidhani ni huruma peke yake. Ng'ombe aliyechoshwa na safari ukimchinja siku hiyo hiyo nyama inatoka nyeusi, kavu, inanata vidole, na haikai. Ni kwa sababu nguvu iliyomo kwenye misuli imekwisha, nyama haipati ule uchachu mdogo unaoilainisha na kuihifadhi. Mie huwa nawapa maji na majani, nawaacha wakae kivulini. Wenzangu wengine wanaona napoteza siku. Kwenye kibao nyama yenyewe inasema nani kafanya nini.

Sasa kuku wa kijana. Huyu wa katoni anachinjwa akiwa na wiki tano, sita, saba hivi. Wako huyo wa umri huo bado anamfuata mama yake. Kafugwa kifua kikue upesi, mpaka wengine miguu inawashinda kubeba mwili. Wengi wanatoka Brazil, ndiyo inayouza kuku nje kuliko nchi yoyote duniani. Viwanda vingi huko wanawaning'iniza miguu juu kwenye mnyororo unaotembea, kichwa kinapita kwenye maji yenye umeme, ndipo kisu. Halali yake sizungumzii, hiyo ya ustadhi, na najua katoni zimeandikwa. Nazungumzia maisha yake. Kama mtoto anataka kumuonea mtu huruma, aanze hapo.

Na kuhusu moyo: bi mkubwa, naomba unijibu, huyo kuku mlimkamata vipi? Nadhani saa nne asubuhi, watoto watatu wanamkimbiza uwanja mzima, kapita chini ya uchaga, karuka ua, kakamatwa mkia. Halafu anakanyagwa. Moyo ule lazima upige hivyo! Kuku mchukue usiku akiwa juu ya kijiti, gizani kuku hutulia, humchukui kwa vita. Muweke kwenye tenga lililofunikwa. Asubuhi mfunge kwenye kanga mbawa zikiwa ndani, kichwa nje, mpakate kwa mkono wa kushoto, kidole kwenye taya. Hapana haja ya kumkanyaga. Wengine tumefundishwa kukanyaga na waliotufundisha, basi.

Moyo utapiga tu, sikudanganyi. Ukipiga damu inatoka upesi. Mie nilipokuwa na umri wake nilikuwa siusikii. Nimeanza kuusikia baada ya kuoa, na mpaka leo kuna siku nasikia na kuna siku sisikii. Mchinjaji asiyesikia kabisa mie simpi kisu changu. Nimewafukuza wawili.

Jogoo la Gando

Bucha umenena, nakubali hapo kwa ng'ombe wa mchezo. Sisi tuliwahi kuwa na mbuzi akiingia mpaka chumbani. Alipochinjwa kwenye akika ya ndugu yangu nilikaa juu ya mwembe mpaka jioni. Lakini nilishuka nikala!

Shungi la Mjini

Ulishuka kwa njaa.

Mama wa Konde

Bucha, umejuaje ya uchaga? Kila neno. Na waliomkimbiza ni watoto wanne.

Simu nimempa kijana asome mwenyewe. Kasoma kimya, kasoma tena pale kwenye mnyororo na maji ya umeme. Mie sikusema kitu, nilikuwa napepeta mchele. Jana jioni kapita kituoni, karudi na chipsi mayai. Nikamuuliza kuku je? Akasema amekwisha. Sijui alikwisha kweli au alikwisha kwake. Sikumuuliza tena.

Nimeona pia kasogeza tenga la zamani, katia kitambaa juu. Hajasema atachinja, na mie sijamuomba. Mavyaa akirudi nitachinja mwenyewe, kwa kanga, na mchuzi nitakula na wanangu, yeye nimkaangie samaki changu.

Shungi la Mjini

Dada, chipsi mayai usimwambie kitu kwanza, mwache apumue. Lakini siku akiuliza: kuku wa mayai ya dukani dume lake halina kazi, halitagi na halina nyama. Nchi nyingi kifaranga dume kinauliwa siku kilipoanguliwa. Ujerumani wamepiga marufuku tangu 2022. Mayai ya koo wako ndiyo ningekula mie bila kufikiri mara mbili, kijogoo angalau ulikiacha kikue.

Mama wa Konde

Sasa mnataka mtoto ale nini, jamani, mawe?

Ustadhi, nimempata baba yao. Beberu ana miaka miwili na kitu, hilo halina neno. Maneno aliyosema siku anaondoka, kwa mujibu wake na kwa mujibu wa jirani aliyekuwepo, ni "huyu ndiye udhiya wangu, msije mkamuuza". Nadhiri anasema hakuweka.

Ustadhi wa Vitongoji

Ukhti, hapo ndipo nilipokuwa naogopa. Kwa madhehebu ya Kishafii, mtu akisema "huyu ni udhiya wangu" anakuwa amemuwajibisha, kama aliyeweka nadhiri. Udhiya uliowajibika mwenyewe hali, na wanaomtegemea hawali. Nyama yote ni ya mafakiri. Kumuuza ndio kabisa haifai. Wapo wanavyuoni wa baadae waliosahilisha kwa mtu wa kawaida aliyekusudia kutoa habari tu, si kujiwajibisha, na maneno ya "msije mkamuuza" yanaweza kuchukuliwa upande huo. Mwambie baba amuulize kadhi akirudi, au ampigie simu, na aseme nia yake kwa ukweli. Wakati wa kuchinja unaanza baada ya sala ya Idi na hutuba, unaendelea mpaka jua lizame tarehe 13 ya mwezi huo wa Idi, kwa hiyo ana nafasi.

Mama wa Konde

Yaani nimlishe mwaka mzima, anile mchicha wangu wote, halafu nisionje hata ini?

Kijana kasikia, kafurahi mpaka kaanza kumkatia majani bila kuambiwa.

Bucha Wete

Nikichinja mie sitozi gharama, bi mkubwa. Mlete siku ya Idi baada ya sala, asubuhi hiyo maji apewe. Aje na kijana, asishike kisu. Ashike kamba tu, beberu anamjua, atatulia kwa mtu wake. Asipotaka pia asije, nitatuma mtu. Na kisu chako cha vitunguu usichinjie kuku. Tafuta kingine, kirefu kuliko shingo mara mbili, ukinoe siku ya kabla na kuku asikione.

Jogoo la Gando

Kama nyama ni ya mafakiri na nyinyi hamli, nipo Gando, karibu na msikiti wa chini. Ufakiri wangu sheha ataushuhudia.